Mwaka 2024 nchini Tanzania: Lushoto na Milima ya Usambara

Mwaka 2024 nchini Tanzania ulianza na misiba ya viongozi wawili wakubwa, Edward Lowassa na Ali Hassan Mwinyi, ukaisha kwa ubishi kuhusu uchaguzi wa Serikali za Mitaa uliofanyika tarehe 27 Novemba. Katikati yake kulikuwa na mvua kubwa, mabadiliko ya mara kwa mara katika Baraza la Mawaziri, habari za watu kutekwa na kutoweka, na furaha ya timu ya taifa ya mpira wa miguu kufuzu tena Kombe la Mataifa ya Afrika. Makala hii inaufuata mwaka huo kwa kuangalia hasa jinsi ulivyogusa wilaya ya Lushoto na Milima ya Usambara, katika mkoa wa Tanga.

Mahali penyewe

Lushoto ni mji mdogo ulioko katika Usambara Magharibi, kwenye kimo cha takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wakati wa utawala wa Wajerumani uliitwa Wilhelmsthal. Wakazi wengi wa wilaya ni Wasambaa, pamoja na Wapare, Wambugu na wengineo. Katika sensa ya mwaka 2012 wilaya ilikuwa na watu 492,441. Mwaka uliofuata sehemu yake ilipata halmashauri ya pekee, yaani Halmashauri ya Wilaya ya Bumbuli. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa mzima wa Tanga ulihesabiwa kuwa na watu 2,615,597, kati ya Watanzania 61,741,120.

Wilaya ina majimbo matatu ya uchaguzi: Lushoto, Mlalo na Bumbuli. Mwaka 2024 yote matatu yalishikwa na wabunge wa Chama cha Mapinduzi (CCM), yaani Shabani Shekilindi, Rashid Shangazi na January Makamba. Kati ya hao ni Makamba tu aliyekuwa waziri mwaka ulipoanza.

Mvua, umeme na reli

Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa mwaka 2023 ziliungana na masika ya 2024. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa kutokana na mafuriko, maporomoko na upepo, na watu zaidi ya 200,000 wameathirika. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Mei, Kimbunga Hidaya kilifika pwani ya nchi, hasa upande wa Mafia na mikoa ya kusini.

Katika Usambara mvua nyingi huwa na maana mbili. Mashamba yako kwenye miteremko mikali, na mboga zinazolishwa Dar es Salaam na Tanga, kama vile kabichi, karoti, viazi na pilipili hoho, hushuka kwa malori kupitia barabara moja ya lami inayopita Soni hadi Mombo. Mawe na udongo vikianguka barabarani, mzigo hulala njiani na mkulima hupata hasara kabla ya sokoni. Ndiyo maana taarifa ya utabiri wa hali ya hewa husikilizwa milimani kwa makini kuliko hotuba nyingi za Dodoma.

Habari njema ya mwaka ilikuwa umeme. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji ulianza kuingiza umeme kwenye gridi ya taifa mwezi Februari, kila mtambo ukiwa na uwezo wa megawati 235, na bwawa zima megawati 2,115. Mgao wa umeme uliokuwa umewachosha wananchi tangu mwaka uliotangulia ulipungua, ingawa kukatika kwa umeme hakukuisha.

Tarehe 1 Agosti Rais Samia Suluhu Hassan alizindua rasmi usafiri wa reli ya kisasa (SGR) kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Kwa watu wa Usambara uzinduzi huo ulikuwa na kejeli kidogo. Reli ya kwanza ya nchi ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kuitwa Reli ya Usambara. Ilifika Mombo, chini ya Lushoto, mwaka 1905. Miaka zaidi ya mia moja baadaye reli ile ya kaskazini imebaki ya geji nyembamba, na treni ya umeme inapita kwingine.

Mabadiliko serikalini

Mkoa wa Tanga uliingia mwaka 2024 ukiwa na nafasi nzuri katika Baraza la Mawaziri. January Makamba, mbunge wa Bumbuli tangu mwaka 2010, alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki. Kabla ya hapo alikuwa Waziri wa Nishati, kuanzia Septemba 2021 hadi Agosti 2023. Ummy Mwalimu, mbunge wa Tanga Mjini, alikuwa Waziri wa Afya. Jumaa Aweso wa Pangani alikuwa Waziri wa Maji.

Tarehe 21 Julai usiku, Ikulu ilitangaza kwamba uteuzi wa Makamba umetenguliwa. Nafasi yake ilichukuliwa na Mahmoud Thabit Kombo, aliyekuwa balozi nchini Italia. Siku hiyohiyo aliondolewa Nape Nnauye, Waziri wa Habari, Mawasiliano na Teknolojia ya Habari. Kwa Nape sababu ilionekana wazi kwa wengi, kwa kuwa siku chache kabla alikuwa amesema mbele ya watu huko Bukoba kwamba ushindi wa uchaguzi hautegemei kura za sandukuni peke yake. Baadaye alisema ulikuwa utani. Kwa Makamba hakuna sababu iliyotolewa, na katiba haimlazimishi Rais kuitoa.

Magazeti na mitandao hayakukosa kutambua tarehe. Ilikuwa pia 21 Julai, mwaka 2019, Rais John Magufuli alipomwondoa Makamba katika wizara iliyoshughulikia Muungano na Mazingira. Marais wawili tofauti, siku ileile ya mwaka, mtu yuleyule.

Siku 24 baadaye, tarehe 14 Agosti, Rais alifanya mabadiliko mengine. Ummy Mwalimu aliachwa nje na Wizara ya Afya ikapewa Jenista Mhagama. William Lukuvi na Palamagamba Kabudi walirudi kwenye baraza. Kwa hiyo katika muda usiozidi mwezi mmoja Tanga ilipoteza mawaziri kamili wawili, akabaki Aweso.

Ni rahisi kuzidisha maana ya jambo hilo. Waziri si mwakilishi wa mkoa wake, na barabara ya Mombo hadi Lushoto haikujengwa wala kuharibika kwa sababu ya cheo cha mtu. Hata hivyo wananchi wa Tanzania huhesabu viti hivyo, na wana sababu. Mfano wa Bumbuli ni kiwanda cha chai cha Mponde. Kilisimama mwaka 2013 baada ya mgogoro kati ya wakulima wadogo na mwekezaji, na suala lake lilibaki mezani kwa serikali kwa miaka mingi. Mkulima ambaye majani yake ya chai yanakosa kiwanda hujua kuwa mbunge wake akiwa karibu na Rais, angalau barua inasomwa.

Mabadiliko hayo yalikuja pia wakati ambapo CCM yenyewe ilikuwa ikijipanga kwa uchaguzi mkuu wa 2025. Mwezi Julai huohuo Abdulrahman Kinana aliacha nafasi ya Makamu Mwenyekiti wa chama upande wa Bara.

Utekaji na kifo cha Ali Kibao

Mwaka ulikuwa umeanza kwa dalili za uwazi. Marufuku ya mikutano ya hadhara iliyowekwa wakati wa Magufuli ilikuwa imeondolewa Januari 2023, na tarehe 24 Januari 2024 Chama cha Demokrasia na Maendeleo (Chadema) kilifanya maandamano ya amani Dar es Salaam, polisi wakiyasindikiza. Falsafa ya Rais iliyojulikana kama 4R, yaani maridhiano, ustahimilivu, mabadiliko na kujenga upya, ilikuwa bado ikitajwa na pande zote.

Kuanzia katikati ya mwaka hali ilibadilika. Mwezi Juni kijana Edgar Mwakabela, anayejulikana kwa jina la Sativa, alitekwa Dar es Salaam na kupatikana siku chache baadaye mkoani Katavi akiwa amejeruhiwa vibaya. Mwezi Agosti polisi waliwakamata mamia ya wanachama wa Chadema waliokuwa wakienda Mbeya kwenye mkutano wa vijana. Mwezi huohuo Deusdedith Soka, kiongozi wa vijana wa chama hicho huko Temeke, alitoweka.

Kisha ikaja habari iliyoigusa Tanga moja kwa moja. Tarehe 6 Septemba Ali Mohamed Kibao, mjumbe wa sekretarieti ya Chadema, alikuwa ndani ya basi la abiria akitoka Dar es Salaam kwenda kwao Tanga. Watu wenye silaha walilisimamisha basi eneo la Tegeta na kumshusha mbele ya abiria wenzake. Siku iliyofuata mwili wake ulipatikana Ununio, nje kidogo ya jiji. Mwenyekiti wa Chadema, Freeman Mbowe, alisema uchunguzi wa mwili ulionyesha alipigwa na kumwagiwa tindikali usoni. Alizikwa Tanga.

Rais Samia alilaani mauaji hayo tarehe 8 Septemba na kuagiza vyombo vya uchunguzi vimletee taarifa ya kina. Balozi kadhaa za nchi za Magharibi zilitoa matamko ya kutaka uchunguzi huru. Siku chache baadaye, akihutubia maofisa wa polisi mjini Moshi, Rais aliwakosoa mabalozi hao kwa kuielekeza Tanzania la kufanya. Maandamano yaliyoitishwa na Chadema tarehe 23 Septemba yalizuiwa, na Mbowe pamoja na makamu wake Tundu Lissu wakakamatwa kwa muda. Mwaka uliisha bila mtu yeyote kuhukumiwa kwa kifo cha Kibao.

Uzito wa tukio hilo kwa watu wa kawaida haukutegemea chama. Barabara ya kaskazini ndiyo njia ya wote. Anayekwenda Tanga na anayekwenda Lushoto hupanda mabasi yanayofuata njia moja hadi Segera, ndipo wanaachana. Ndani ya basi huwa kuna mwanafunzi, mfanyabiashara wa mboga na mgonjwa anayerudi kutoka Muhimbili. Kwamba mtu anaweza kushushwa hadharani, na abiria wasijue kama waliomchukua ni askari au majambazi, ni jambo lililozungumzwa vijiweni kwa sauti ya chini.

Uchaguzi wa Serikali za Mitaa

Uchaguzi wa tarehe 27 Novemba ulihusu wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji pamoja na wajumbe wa halmashauri zao. Nje ya nchi uliandikwa kama jaribio tu la uchaguzi mkuu wa 2025. Mtazamo huo una upungufu, hasa ukiangaliwa kutoka wilaya ya vijijini kama Lushoto.

Halmashauri ya kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji na kuigawa kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Katika Usambara ardhi ni finyu. Shamba la baba hugawanywa kwa wana mpaka linakuwa vipande, misitu ya hifadhi kama Magamba na Shagayu ina mipaka isiyovukwa, na bonde lenye maji ya kumwagilia hugombewa na familia nyingi. Barua ya mwenyekiti ndiyo mara nyingi inayotakiwa kwanza benki, mahakamani, polisi na shuleni. Kwa hiyo mtu anayekaa katika kiti hicho kwa miaka mitano ana nguvu juu ya maisha ya kila siku kuliko mbunge.

Usambara inakumbuka pia kwamba amri za ardhi zisizo na ridhaa huzaa upinzani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Kiingereza ilianza mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo mwaka 1946, ukapanuliwa kuwa mpango wa Usambara yote. Wakulima walilazimishwa kulima matuta ya kukinga maji. Nia yake ilikuwa kuokoa udongo, na udongo ulikuwa kweli ukimomonyoka, lakini kazi ilikuwa ngumu, wanawake walibebeshwa sehemu kubwa, na wengi waliona ni njia ya kuchukua mashamba yao. Upinzani dhidi ya matuta uliwaunganisha wakulima na harakati za TANU, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru.

Mwaka 2024 ubishi ulianza kabla ya kura. Mwanzoni mwa Februari Bunge lilikuwa limepitisha sheria mpya za uchaguzi, na Tume ya Taifa ya Uchaguzi ikapewa jina la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Vyama vya upinzani vilitaka tume hiyo isimamie pia uchaguzi wa vijiji na mitaa, lakini kazi ilibaki kwa Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), chini ya Waziri Mohamed Mchengerwa. Kulikuwa na daftari la pekee kwa uchaguzi huo, tofauti na daftari la kudumu la wapiga kura. Liliandikishwa kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba, na serikali ilitangaza kwamba watu 31,282,331 walijiandikisha, sawa na asilimia 94.83 ya waliotarajiwa. Chadema na ACT-Wazalendo walitilia shaka idadi hiyo, na kudai kwamba majina ya watoto na ya watu wasiokuwepo yaliingizwa.

Mwezi Novemba wagombea wengi wa upinzani waliondolewa kwa makosa ya kujaza fomu. Siku ya kura Chadema kilisema wanachama wake watatu waliuawa katika matukio yaliyohusiana na uchaguzi. Matokeo yaliyotangazwa na Mchengerwa yaliipa CCM asilimia 99.01 ya vijiji na zaidi ya asilimia 98 ya mitaa na vitongoji.

Matokeo kama hayo yanahitaji kulinganishwa. Mwaka 2014 vyama vya upinzani vilishinda maelfu ya viti vya ngazi hizo nchini. Mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa kwa sababu wagombea wao walienguliwa, na CCM ikapata zaidi ya asilimia 99. Mwaka 2024 havikujitoa, lakini hesabu ilikaribia ileile. Inawezekana kabisa kwamba CCM ingeshinda vijiji vingi vya Lushoto hata katika ushindani wa wazi. Chama kina mizizi milimani tangu enzi za TANU, na wapinzani hawakuwa na mtandao imara huko. Mkoani Tanga nguvu ya upinzani ilikuwa zaidi mjini, ambako Chama cha Wananchi (CUF) kilishinda jimbo la Tanga mwaka 2015. Lakini mwenyekiti aliyepita bila mshindani hawezi kujua ni wangapi wangemkataa, na wanakijiji wenye malalamiko juu ya mpaka wa shamba hawana wa kumtishia kwamba safari ijayo watampigia mwingine.

Tarehe 1 Desemba, siku chache baada ya matokeo, Abdul Nondo, kiongozi wa vijana wa ACT-Wazalendo, alitekwa katika kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi. Alipatikana usiku huohuo akiwa ametupwa ufukweni Coco Beach. Ndani ya Chadema nako Lissu alitangaza mwezi Desemba kwamba atagombea uenyekiti dhidi ya Mbowe. Alishinda katika uchaguzi wa chama uliofanyika tarehe 21 Januari 2025.

Michezo

Timu ya taifa ya wanaume, Taifa Stars, ilicheza Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Côte d'Ivoire mwezi Januari. Ilifungwa na Morocco 3–0, ikatoka sare ya 1–1 na Zambia kwa goli la Simon Msuva, na 0–0 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Haikuvuka hatua ya makundi. Kocha Adel Amrouche alifungiwa na Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika baada ya mchezo wa kwanza, na Hemed Suleiman, maarufu kama Morocco, akashika timu. Tarehe 19 Novemba, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Msuva alifunga tena, goli pekee dhidi ya Guinea, na Tanzania ikafuzu fainali za 2025 zilizopangwa kuchezwa, kwa bahati ya majina, Morocco.

Yanga ilitwaa ubingwa wa ligi kuu kwa mara ya tatu mfululizo na ya 30 katika historia yake. Katika Ligi ya Mabingwa Afrika Yanga na Simba zote zilifika robo fainali, jambo lisilokuwa la kawaida kwa nchi ya ukanda huu. Simba ilitolewa na Al Ahly ya Misri. Yanga ilitolewa kwa penalti na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, baada ya mpira wa Stephane Aziz Ki uliogonga mwamba na kudunda chini kukataliwa kuwa goli. Ubishi wa kama ulivuka mstari au la haujaisha.

Kwa mkoa wa Tanga habari ya mwaka ilikuwa Coastal Union. Klabu hiyo, bingwa wa nchi mwaka 1988, ilimaliza msimu wa 2023/24 ikiwa ya nne na kupata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho Afrika. Safari ilikuwa fupi: ilitolewa katika hatua ya awali na Bravos do Maquis ya Angola.

Waliofariki

Edward Lowassa alifariki Dar es Salaam tarehe 10 Februari, akiwa na miaka 70, na kuzikwa Monduli. Alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 2005 hadi alipojiuzulu mwaka 2008 kwa sababu ya kashfa ya Richmond. Mwaka 2015 alihamia upinzani na kugombea urais, akapata karibu asilimia 40 ya kura. Jina lake linahusishwa pia na kampeni ya kujenga shule za sekondari za kata, zilizowawezesha watoto wengi wa vijiji vya milimani kusoma bila kwenda mbali na kwao.

Ali Hassan Mwinyi, rais wa awamu ya pili (1985–1995), alifariki Dar es Salaam tarehe 29 Februari akiwa na miaka 98. Alizikwa Mangapwani, Unguja, tarehe 2 Machi. Aliitwa Mzee Rukhsa kwa kulegeza masharti ya biashara, na ni wakati wake, mwaka 1992, ambapo mfumo wa vyama vingi ulirudishwa.

Mtangazaji wa redio Gardner G. Habash alifariki mwezi Aprili, na mwigizaji Grace Mapunda mwanzoni mwa Novemba. Jenerali David Musuguri, Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988 na mmoja wa makamanda wa vita dhidi ya Idi Amin, alifariki Mwanza tarehe 29 Oktoba akiwa na miaka 104.

Faustine Ndugulile, daktari na mbunge wa Kigamboni, alichaguliwa mwezi Agosti kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani (WHO) Kanda ya Afrika. Alifariki nchini India akiwa kwenye matibabu, kabla ya kuanza kazi. Habari za kifo chake zilitangazwa asubuhi ya tarehe 27 Novemba, watu wakiwa kwenye foleni za kupiga kura. Mwezi Mei 2025 nafasi hiyo ilikwenda kwa Mtanzania mwingine, Mohamed Janabi.